Honi ya Kurudi Mbeya

Jumamosi moja nilitoka Iringa alfajiri kwenda Ilomba, jijini Mbeya, kumrekodi dereva mstaafu wa treni. Nilikuwa nakusanya kumbukumbu za wazee wa reli, na huyu alisifiwa kuliko wote.

Nilimkuta amevaa tai. Mkewe alikaa kando yake akichambua maharage.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Washa hiyo simu, tuanze," mzee akasema.

Akaanza na mahandaki na madaraja, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Alipofika kwenye honi akalegea. Kila akikaribia Mbeya, alisema, alipiga mbili fupi na moja ndefu, ili mkewe ajue amerudi na abandike maji ya kuoga.

"Hakukosea hata siku moja," akajivuna.

"Siku moja nilikosea," mama akasema bila kuinua macho.

Siku hiyo mzee alikuwa amekwama Mlimba, kichwa cha treni kimeharibika. Treni iliyoingia Mbeya iliendeshwa na aliyekuwa msaidizi wake, ambaye alidhani honi ile ndiyo sheria ya kuingia stesheni hiyo. Mama akaisikia, akabandika maji, akachinja jogoo. Hodi ikapigwa. Kumbe ni msaidizi, kaleta habari kwamba mzee atachelewa.

"Chakula kilishaiva," mama akaniambia. "Ningemfukuza mgeni?"

Mzee akageuka mzimamzima. "Jogoo yule mwekundu? Si uliniambia kaliwa na kicheche!"

"Ningesemaje?"

"Na maji ya kuoga?"

"Alinawa mikono."

"Ndoo nzima?"

Nilitaka kuzima simu, nikiona nimeingilia ya watu. Mzee akanizuia, akisema ushahidi usipotee. Akachukua yake, akampigia msaidizi wake, siku hizi mkulima Igowole, akaweka spika.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Ulimla jogoo wangu?"

Msaidizi akashusha sauti.

"Shemeji amesema?"

"Amesema."

"Basi na mimi niseme yote, bosi. Nilipojua maana ya ile honi, sikuiacha. Kila nikiingia Mbeya peke yangu niliipiga. Nilikuwa nabahatisha jogoo mwingine, ila shemeji hakudanganyika tena."

Mama alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mzee alijaribu kununa, akashindwa, akalegeza tai akafuta machozi. Jirani akaja kuuliza kulikoni. Mama akaanza kumsimulia upya, na msaidizi, bado yuko hewani, akawa anamsahihisha.