Nyumba ya Simbilisi Iliyoshonwa kwa Milulu

Nyumbani kwa bibi mzaa mama, mteremko mmoja chini ya Tosamaganga, simbilisi walikaa jikoni kama wanavyokaa katika nyumba nyingi za huko. Ni wanyama wadogo wanene, hawana mkia, na wakisikia mlango wanalia wii, wii, kwa kudhani umeleta majani. Mgeni akija, mmoja au wawili wanaingia chunguni. Bibi alikuwa na neno moja juu yao: "Anayekimbia sakafuni kwangu ni wa chungu."

Mimi nilikuwa na mmoja wangu. Mjomba, ambaye alikuwa utingo wa lori la Mbeya na Iringa, aliniletea kutoka Mbeya ndani ya kofia yake. Alikuwa jike la rangi ya kahawia, na mstari mweupe kutoka puani hadi katikati ya masikio. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la nne na sikupata nafasi ya kuendelea. Nilichunga mbuzi. Sikuwa msemaji, na watu wa jirani walizoea kumuuliza bibi habari zangu nami nikiwa nimesimama hapo hapo. Lakini yule simbilisi alinijua. Nikiingia jikoni aliacha wenzake, akaja kwenye mguu wangu.

Siku moja bibi alitangaza kwamba Jumapili ya pili watakuja washenga kumposa mama mdogo, na wageni wa namna hiyo hawalishwi mboga za majani. Nilielewa. Ilinichukua siku tatu kufungua kinywa.

"Bibi, yule mwenye mstari. Naweza kumweka pembeni?"

"Pembeni wapi?"

"Kwenye sanduku."

"Sanduku!" Alicheka mpaka akaweka chini kikapu alichokuwa anashona. "Jirani yetu hapo aliwaweka kwenye sanduku. Siafu wakaingia, wakawala wote, mwenyewe yuko nje anasema, mbona leo wametulia? Mimi mgongo wangu hauinami tena, mjukuu wangu. Nikikaa hapa kwenye kigoda nataka kumwona. Jenga nyumba ambayo naona ndani yake, basi huyo ni wako, hata akija padri hatumli. Usipojenga, ni wa chungu."

Wavu wa kuku niliufikiria, lakini ilikuwa mwezi wa sita, na upepo wa mwezi wa sita kwetu unapita kwenye wavu kama unavyopita kwenye shati langu. Nilitaka kitu kinachoonyesha ndani na kuzuia baridi, yaani kioo, na kioo nani angenipa?

Mjomba ndiye aliyenipa. Safari iliyofuata alishuka na vipande viwili vikubwa alivyoviokota kwenye gereji Mbeya, vimetolewa kwenye milango ya gari bovu.

"Mjomba," aliniambia, maana sisi tunaitana hivyo wote wawili, "hiki ni kioo lakini si kioo. Ni plastiki. Ukikiangusha hakivunjiki."

Alikiangusha, na kweli hakikuvunjika. Nilikibeba hadi nyuma ya nyumba kwa furaha, nikachukua msumeno. Kwenye ubao ningemaliza mara moja. Hapa msumeno ulipiga kelele, ukakwama, na nilipousukuma, ufa ulikimbia kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mahali ambapo mimi sikutaka kabisa. Kwa hiyo kilikuwa kinavunjika, ila kilikuwa kinanisubiri mimi.

"Hivyo sivyo," mjomba alisema akila muhindi. "Kule gereji wanakwaruza kwa kisu, wanakwaruza tena, halafu wanakunja kwenye goti."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Wewe huulizi kitu."

Asubuhi yake aliondoka na lori. Nilikwaruza kwa kisu siku mbili, mbuzi wakila mahindi ya watu. Nilipata kuta nne na kifuniko, na kona moja ya ukuta mmoja ilikuwa imemeguka kama jino. Sakafu ilikuwa ubao.

Sasa nikahitaji kuunganisha. Nilitembea hadi Mlandege, Iringa mjini, kwa fundi baiskeli, mzee wa asili ya pwani aliyevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono. Nilisimama mbele yake muda mrefu bila kusema. Alimaliza kuziba tairi moja, akaanza la pili.

"Kijana," alisema bila kuinua uso, "umekuja kwa shida yako au umekuja kunilinda?"

Nilimwonyesha kipande cha plastiki na kunong'ona kwamba nataka gundi. Alikigusa, akatikisa kichwa, akanipa solusheni ya kuzibia mipira, iliyobaki kidogo ndani ya tyubu yake. "Haitashika," alisema, "lakini chukua, usije ukasema nilikunyima."

Ilishika siku moja. Nilimtia simbilisi ndani nikaenda kwenye mbuzi wangu. Niliporudi, kuta zilikuwa zimetoa jasho kwa pumzi zake, na ukuta wa mbele ulikuwa umejilaza chini wenyewe, taratibu, kama mtu aliyechoka. Simbilisi alikuwa jikoni na wenzake. Ilikuwa Alhamisi.

Nikaamua kutoboa matundu na kufunga kwa waya. Nilichoma msumari motoni. Ukiwa moto sana, tundu lilikuwa kubwa la kuingiza kidole. Ukipoa kidogo, uling'ang'ania humo humo, nikauvuta kwa meno. Moshi wake ulinuka vibaya.

"Unapika nini huko, kwato?" bibi aliuliza akikohoa.

Ijumaa jioni nilikuwa na matundu pande zote lakini sikuwa na waya. Mwenye waya alikuwa mjomba, na mjomba alikuwa Mbeya. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na vile vipande mapajani. Nilitaka kuvirusha bondeni.

"Lete hapa," bibi alisema.

Alikuwa na mafungu yake ya milulu, yale majani marefu ya bondeni tunayoyakausha na kushonea vikapu. Aliyalowesha, akayapitisha kwenye matundu yangu, akavuta, akarudisha, kama anavyoshona mdomo wa kikapu. Mikono yake haikusita hata mara moja. Kazi iliyonishinda wiki nzima ilikwisha kabla ya chakula.

"Vikapu vyangu vinabeba unga wa Iringa nzima," alisema, "hiki kitashindwa na kamnyama haka?"

Jumamosi majirani walikuja kutazama. Mmoja alisema ni kama kanisa. Mwingine aligonga ukuta kwa kucha na kusema wazungu wana akili. Hawa wote walikuwa watu wa Iringa. Walizaliwa na simbilisi miguuni, wanawakatia majani kila siku, na wanashona milulu tangu utotoni. Hakuna aliyenionya. Mimi mwenyewe nilimjazia majani ya maharage, nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Asubuhi ya Jumapili tulipotoka misa nilikuta kuta nne zimelala juu ya sakafu ya ubao, safi, hazina hata ufa. Milulu haikuwepo. Simbilisi alikuwa ameacha majani ya maharage yote, akala mshono.

Nilikimbia jikoni. Mjomba, aliyefika alfajiri, alikuwa tayari amepiga magoti anawakamata. Washenga walikuwa wamefika mapema, wazee watatu wenye makoti, wamekaa kwenye benchi uani wakisalimiana "kamwene, kamwene" na kila anayepita. Bibi alitoka mlangoni na simbilisi mkononi. Niliuona ule mstari mweupe.

Alinitazama. Alitazama zile kuta zilizolala. Nadhani alielewa kilichotokea, kwa sababu mdomo wake ulijikunja kama anayetaka kucheka, kisha hakucheka.

"Huyu ni wako au si wako?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti, na wazee wote watatu waligeuka. Mmoja alitabasamu. Nilijua kwamba kusema "wangu" mbele yao ni kumnyima mgeni nyama ambayo ameshaiona kwa macho yake, siku ya posa ya mama mdogo. Nilijua pia kwamba bibi hakulazimika kuuliza. Neno lenyewe lilikuwa moja, fupi, na nilikuwa nalo kinywani. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Jibu basi, mjomba," mjomba alisema.

Nilisugua vumbi kwa kidole gumba cha mguu. Halafu bibi akaingia naye ndani.

Kwenye chakula waliniwekea paja, kwa sababu mshenga mkubwa alisema kijana aliyemfuga ale vizuri. Wote walinitazama, nikala. Nyama ilikuwa laini, na nilikasirika kwamba ilikuwa laini. Posa ilikubaliwa, mama mdogo akapigiwa vigelegele, na mjomba akaeleza kisa cha milulu mpaka wale wazee wakafuta machozi kwa kucheka. Nilicheka pia, kwa kuwa kukaa kimya kungewafanya waniulize.

Wageni walipoondoka nilimkuta bibi nyuma ya nyumba akiosha vyombo.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Mbele ya watu, nilikuuliza."

"Ndiyo."

Alisubiri, kama vile bado kulikuwa na nafasi. Niliona hasira inanipanda, kwake, kwa mjomba, kwa wazee wenye makoti, na kila nilipotafuta njia ya kuitoa nje ilirudi kwangu mwenyewe.

"Ungesema," alisema bibi. Akanisogezea chungu, na mchanga wa kukisugulia.