Kivuli cha Eliezeri Uani kwa Damari

Mume wangu Eliezeri alikuwa mpiga picha, na sitaki mtu aniambie kwamba hiyo si kazi. Nimeambiwa sana. Pale Mbalizi, miaka ya hamsini, mwanamume aliyeshinda bila jembe mkononi alihesabiwa mvivu, na wangu alishinda akitazama ukuta. Alikuwa akiangalia mwanga unavyoupanda asubuhi na unavyoteremka jioni. Nami nikipita na ndoo kichwani nilimwuliza kama ukuta umeshaitikia salamu yake.

Kamera yake ilikuwa ya sanduku, nyeusi, ya kushikwa tumboni na kuchunguliwa kwa juu. Aliinunua Iringa, alikokuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja. Mhindi huyo alimfundisha sheria moja tu: jua liwe mgongoni kwako, usoni kwa mteja. Mengine Eliezeri aliyaokota mwenyewe. Aligundua kwamba jua la saa sita linachimba mashimo chini ya macho, bibi harusi anatoka kama mtu aliyefiwa. Kwa hiyo alipiga saa kumi, jua likiwa limeinama. Aligundua pia kwamba ukimsimamisha mtu mwenye gauni jeupe mbele ya ukuta wa chokaa, gauni linatoka, uso hauonekani. Hao aliwahamishia kwenye ukuta wa udongo, na mimi nikawekwa pembeni nimekunjua shuka jeupe, ili mwanga ugonge pale na kurudi usoni kwa mtu. Mikono iliniuma sana, lakini nilipenda kuona shavu la mtu likiamka.

Jirani yetu Damari alikuwa na mume aitwaye Jailos, aliyekwenda Kitwe kwenye migodi ya shaba kabla sisi hatujahamia Mbalizi. Alisema anakwenda mwaka mmoja, na mwaka ukazaa mwenzake. Damari alimwita kwa barua na kwa salamu za watu. Alimwambia paa linavuja. Alimwambia mama mkwe anaumwa. Likaja blanketi, ikaja sufuria kubwa, Jailos mwenyewe hakuja. Mwishoni Damari akasema basi atampelekea picha, angalau asiisahau sura yake.

Tulimpiga uani kwake, saa kumi, amevaa gauni la kanisani. Nilishika shuka kama kawaida. Picha ilitoka nzuri mno, macho yanaonekana hadi kope, na Eliezeri aliitembeza Mbalizi nzima kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Ikapelekwa Kitwe na kijana aliyekuwa akirudi kazini. Sote tuliutazama uso. Hakuna aliyetazama chini.

Jailos alitazama chini.

Siku moja mchana aliteremka kwenye basi la Tunduma, na badala ya kwenda kwake akauliza mpiga picha anakaa wapi. Akaingia kwetu na sanduku begani, hata hodi hakupiga sawasawa.

"Ndugu, hii picha umepiga wewe?"

"Ni mimi," akasema Eliezeri kwa furaha, akaanza kutafuta kiti cha mgeni.

"Basi ulikuwepo, ulimwona. Huyu mwanaume ni nani?"

Akaweka kidole kwenye picha. Pale chini, mbele ya miguu ya Damari, kilikuwa kimelala kivuli cha mwanamume mwenye kofia ya pama, viwiko vimetokeza huku na huku.

"Anasimama uani kwangu mikono kiunoni," Jailos akafoka, "kama vile yeye ndiye amejenga ile nyumba!"

Eliezeri aliishika picha, akaitazama. Miaka yote hiyo alikuwa akishughulika na nyuso za watu, hajawahi kujiona mwenyewe pale chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Yaani katika maneno yote ya Kiswahili, mume wangu alichagua hayo. Jailos akavua koti.

Nikaingia katikati yao. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilikwisha ona ndoa ya Damari inavunjika kwa upuuzi, na meno ya mume wangu yanaondoka nayo. "Toka nje!" nikamwambia Jailos. "Na wewe toka!" Jua lilikuwa limefika panapofaa. Nikachukua kamera, nikamsukumia Jailos tumboni, nikamvika kofia ya Eliezeri, nikamgeuza mgongo kwenye jua.

"Shika kwa mikono miwili. Chungulia kwa juu. Umeona? Sasa tazama chini mbele yako."

Alitazama. Pale chini alisimama mwanamume mwenye kofia, mikono kiunoni. Jailos akainua kiwiko, na yule akainua. Akakishusha, akainua kingine. Aliendelea hivyo kama mtoto, kisha akaanza kucheka, na Eliezeri naye akacheka kama mtu aliyenusurika. Nilimwambia Jailos kwamba siku ile nilikuwa hapohapo na shuka langu, mikono inawaka moto, na kama angekuwepo mwanamume mwingine ningemshikisha.

Damari hakucheka. Watu walikuwa wamemwambia mume wake ameshuka kwenye basi, akaja mbio, akakuta mchezo wa viwiko.

"Nimekuita paa linavuja, hukuja," akasema. "Nimekuita mama yako anaumwa, hukuja. Kivuli hiki kimekuita mara moja tu, umekuja."

Jailos aliishusha kamera polepole. Nilimwonea huruma, lakini si sana. Alibeba sanduku lake akamfuata mke wake, na kesho yake tulimwona juu ya paa na mafungu ya nyasi. Kitwe hakurudi tena.

Eliezeri kwake ilikuwa ni fedheha kubwa, na fedheha hiyo ikamfundisha. Akaanza kusimama jua likiwa begani, kivuli chake kiangukie pembeni, nje ya picha. Hapo akagundua jambo lililomfurahisha wiki nzima: jua la ubavuni linaipa pua kivuli chake kidogo, linaipa taya unene, na uso unakuwa na mwili. Alinionyesha picha za zamani na mpya, akinitaka niseme tofauti. Nilisema. Nilijivunia mume wangu siku hizo, hata ukuta niliuacha azungumze nao kwa raha zao.

Lakini habari ilikuwa imekwisha tembea. Wakaanza kuja wanawake wa Iyunga na wa juu mlimani, waume zao wako migodini, wanacheka wakifunika midomo. "Baba, nipige na mimi. Ila nitilie na kile kivuli." Eliezeri alikataa, akasema yeye ni mpiga picha, si mchonganishi wa watu. Mimi nikamtania kwamba kivuli naweza kukiazimisha, mradi mwenyewe abaki nyumbani.

Halafu akaja Lusia, ambaye mume wake aliondoka yeye akiwa mjamzito, na sasa mtoto anachunga ndama. Yeye hakucheka. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri.

"Hata akija na hasira, Bwana Eliezeri," akasema. "Ninachotaka ni aje."

Eliezeri alinitazama. Nikaingia ndani nikamletea kofia. Akasimama jua likiwa mgongoni kabisa, viwiko amevitanua kuliko kazi ilivyohitaji, na mimi nikainua shuka juu kadiri ya mikono yangu, ili mwanamume yule, kabla hajakifikia kivuli, aanze na uso wa mke wake.