Siku Mtani Alipomleta Baba

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na ugomvi na tarishi wa bomani, na ugomvi huo ulidumu kuliko vita vyenyewe. Tarishi ndiye aliyepanda kilima hadi kwetu, karibu na Nyololo, kutuambia kwamba baba yangu, askari wa jeshi la Mwingereza, ameuawa Burma. Mimi nilikuwa hata kukaa sijaanza. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Umemwona?" Tarishi akasema hakumwona, yeye katumwa tu. "Basi kamwambie aliyekutuma aje mwenyewe," alisema bibi. Nasikia alimpa na togwa kabla hajaondoka, maana hakuwa mtu wa kumfukuza mgeni na kiu yake.

Hivyo matanga ya baba hayakuwekwa. Kwetu mtu akifa watu hujaa uani, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, huletwa kwa vibuyu, na hakuna anayeshika jembe mpaka matanga yaanuliwe. Kwa baba hapakuwa na la kuanua. Bibi alishikilia kwamba mwanawe yuko safarini, na kila mavuno akamwekea maharage yake kwenye chungu. Wadudu wakayala kwa niaba yake.

Aliyebanwa ni mama. Mjomba wangu alikuwa na mgahawa Mbeya, jirani na soko, na kila mara alituma watu kumwita mama aende akapike, na mimi nisome shule ya huko. Lakini mke wa mtu aliye safarini haachi nyumba ya mumewe, na mjane asiyefanyiwa matanga hajawa mjane. "Mumewe akirudi atamkuta nani?" bibi aliwauliza wajumbe, nao walirudi Mbeya na maswali badala ya majibu. Mama angekuwa na mkwe mkorofi angeshaondoka zamani. Shida yake ni kwamba alimpenda.

Tukaishi hivyo mpaka nikafika darasa la nne.

Mama alikuwa akiuza viazi vya kuchemsha kando ya barabara kuu. Siku moja lori la mbao kutoka Mafinga, likielekea Mbeya, lilipata pancha mbele yake. Akashuka dereva mfupi mnene, Mngoni. Wangoni na Wahehe zamani walichinjana mpaka wakachoka, na vita vyao vikaacha utani: wanatukanana na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, na palipo na msiba, mtani ndiye anayezika na ndiye anayechekesha, akimwigiza marehemu mpaka apewe kuku wake.

"Nyie Wahehe," alianza dereva, hata salamu hakutoa, "mbona hapa sisikii mbwa akibweka? Mmeshawamaliza?"

"Mbwa wapo," mama alisema. "Wamekwenda kuwaficha panya. Wamesikia Mngoni anakuja."

Dereva alicheka mpaka akaegemea gurudumu. Akanunua viazi, akasema hajatukanwa vizuri namna hiyo tangu alipokuwa jeshini, na Mhehe mmoja wa huku huku Nyololo, waliyekuwa naye Burma. Mama akaweka sinia chini.

Wakakaa juu ya magogo wakaongea mpaka viazi vikapoa. Mama alinisimulia baadaye: baba alipigwa risasi wakivuka mto, na dereva yule ndiye aliyemzika kwa mikono yake, kwa kuwa katika kikosi kizima hapakuwa na mtani mwingine.

"Nilimzika," alisema, "lakini ofisa alitaka tunyamaze. Sikumwigiza. Kuku sikupewa. Sasa huo ni msiba?"

"Njoo Jumamosi umwigize," mama alimwambia.

"Kumbe matanga ni Jumamosi?"

"Hayajawekwa. Ukija wewe yatakuwa yamewekwa."

Mama hakuwa mtu wa hila, lakini hii aliipanga vizuri. Mtani hazuiwi mlangoni. Na akishaanza kumwigiza marehemu haachi mpaka wenye nyumba wampe kitu, na anayempa amekubali mbele ya watu kwamba amefiwa.

Jumamosi asubuhi bibi alikuwa anapepeta maharage uani. Mtu akatokea kwenye njia ya shambani, ametanguliza bega la kushoto kama anayesukuma mlango, akafuta pua kwa mkono mzima, toka kiwiko hadi vidole, akapaza sauti: "Mama! Ulanzi upo, au mmekunywa wote?"

Ungo ulisimama mikononi mwa bibi.

Mimi baba nilimjua kama jina tu, linalotajwa kwenye sala kabla ya kula. Picha yake hatukuwa nayo. Sasa akawa anatembea uani kwetu. Akawaamkia mbuzi kwa heshima zaidi kuliko alivyowaamkia wazee. Akaanza hadithi akaicheka mwenyewe kabla hajaifikisha katikati, mpaka hadithi ikapotea. Majirani walijaa, na wale wa rika lake wakaanza kupigana makofi ya mgongoni, "Ndiye! Ndiye huyu!" Mama alikuwa jikoni, kaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Bibi aligeuza uso, akachukua mtungi kwenda kisimani. Mtani akamfuata, bega mbele, akimlalamikia kwamba ugali wa jeshini haukuwa na mboga. Akarudi naye vilevile. Kisha akavua kiatu, akachungulia ndani, akapiga ukelele na kurukia juu ya kinu. Ilikuwa habari ya chura. Baba yangu, askari aliyevuka bahari kwenda kupigana, aliogopa vyura.

Bibi akashindwa. Alicheka hadi akashika nguzo ya mlango.

"Lakini hakurukia kinu," alisema, akifuta macho. "Alikuwa anarukia mgongoni kwangu. Na ndevu anazo!"

Mtani akamtazama mgongo, akasema mgongo wenyewe sasa hautafaa. Watu wakaangua kicheko upya. Jua lilipofika utosini aliketi mlangoni, jasho linamtiririka, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, nilimzika mimi. Nimechoka. Nipe changu."

Bibi alimsogelea.

"Ulimlazaje?" aliuliza.

"Ubavu wa kulia. Mvua ilikuwa inanyesha, nikamfunika blanketi langu."

"Wewe ukajifunika nini?"

"Sikujifunika."

Bibi akaingia bandani, akatoka na jogoo wake mkubwa, yule ambaye hata mchungaji wa kanisa letu alikuwa akimtamani. Akampa kwa mikono miwili. "Chukua," alisema. "Ulimfunika." Hapo ndipo akatoa kilio ambacho alikuwa amekibana miaka yote ile, na wanawake wote wakakipokea. Vibuyu vikaanza kuja.

Alipotulia alimwita mama. "Haya, mkamwana, nenda Mbeya kwa kaka yako. Viazi vyako havina chumvi, lakini watu wa Mbeya labda hawatagundua." Mama akapiga magoti, akamlalia mapajani, na bibi akampapasa kichwa huku akiendelea kuwasema watu wa Mbeya.

Mimi haja yangu ilikuwa nyingine. Nilimfuata dereva nyuma ya nyumba, alikokuwa anamfunga jogoo miguu.

"Baba mdogo," nilimwambia, "tembea tena kidogo. Lile bega."

Akatikisa kichwa. "Nimeshalipwa, mwanangu. Mtani akilipwa hamwigizi tena marehemu. Tumeshampumzisha."

Niliomba tena. Akakataa tena, kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hasira. Nikamtupia udongo, nikamwita mla panya, na kwa mara ya kwanza siku ile yeye hakunijibu kwa utani. Nikakaa chini nikalia kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimeamka sina baba, nikampata, na ugali wa mchana haujaiva ameshakufa.

Mama akaja mbio kuninyamazisha. Bibi akamshika mkono.

"Mwache alie," alisema. "Sisi tuliishi naye miaka. Huyu kapewa asubuhi moja tu."