Nilivyoponea kufuta sauti ya Kogo kwenye sampler

Wakuu, salamu zenu. Hii ni ya miaka ya tisini na siongezi chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Nilikuwa na kastudio nyuma ya duka pale Kiptere. Mixer, box ya echo ya kuitia sauti mwangwi, na sampler ya mtumba, ile mashine ya kunasa sauti kisha unaipiga kwa kubonyeza kitufe. Usipo-save kwa diski, ukizima tu, kila kitu kwaheri.

Siku hiyo wakaja akina mama wa kwaya kutoka Roret. Wakulima wa chai, wameacha kuchuma ili warekodi kaseti yao ya kwanza. Aliyewaanzishia nyimbo alikuwa Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu.

Kogo alikuwa na uvimbe shingoni, na mchana huo huo alikuwa anaenda kulazwa afanyiwe operesheni. Daktari alimwambia wazi, sauti inaweza isirudi vile ilivyokuwa.

Akaimba mwito wa wimbo mara moja, sekunde chache tu. Nikaunasa kwa sampler, kando ya ngoma nilizokuwa nimezinasa tayari. Akajifunga leso, mwanawe akampeleka.

Sasa echo. Zama hizo kaseti ya kanisa bila echo watu waliiona kama haijaiva. Lakini ukiitia kwa kila kitu, ngoma zinageuka uji. Kwa hivyo ngoma nikaziacha output kuu, lile tundu la kutolea sauti nyuma ya sampler, Kogo nikamtoa output ya tatu, na cable yake peke yake hadi box ya echo, kisha mixer.

Tamu, wakuu. Nywele zilinisimama.

Diski sikuwa nayo. (Najua. Nitukaneni mkimaliza kusoma.) Nikawaacha akina mama studio, nikakimbia kuazima kwa jamaa wa kupiga chapa kwa kompyuta. Amefunga, ameenda kupeleka majani chai. Nikarudi mikono mitupu.

Nikabonyeza ngoma, zikalia. Nikabonyeza Kogo.

Kimya.

Nikabonyeza tena na tena. Jasho likanitoka. Nikawaza yule mama yuko kwa kitanda cha hospitali na mimi nimempoteza. Nikaona dawa ni moja, nizime mashine niwashe upya. Kidole kikawa tayari kwa switch.

Mama Chelangat, mweka hazina wa kwaya, akaniuliza, "Ukizima hiyo, sauti ya Kogo itaenda wapi?"

"Itafutika."

"Sasa unazima ya nini?"

Nikaanza kufoka, nani amegusa vitu vyangu? Wakaangaliana. Mmoja akasema polepole, "Hatukugusa. Tulifagia tu. Mahali palikuwa pachafu, hatungeimbia Mungu hapo."

"Na ile waya ilikuwa imelala chini," Mama Chelangat akaongeza, "tulitoa tukakunja vizuri."

Nikageuka. Cable ilikuwa kwa msumari karibu na sweta zao, imekunjwa safi kuliko nilivyowahi kuikunja mimi. Ilikuwa ya output ya tatu.

Nikaichomeka pande zote mbili. Nikabonyeza.

Kogo akaita na echo yake yote, na wale mama wakamwitikia papo hapo. Mimi nilikaa chini nikalia, sioni aibu kusema.

Sikutoka kwa hiyo mashine hadi jamaa wa diski aliporudi, hata choo nilikataa. Nili-save kwa diski tatu.

Kogo alipona. Sauti haikurudi, ikabaki ya kukwaruza. Nilipompelekea kaseti nyumbani aliisikiliza yote, akaomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha.

"Hii wajukuu watasikia hata nikienda?"

"Watasikia, Kogo."

"Basi hakuna kitu imepotea."

Wakuu, nilichojifunza: sauti ikinyamaza, fuata cable kabla hujagusa switch. Na kabla ya kulaumu mashine, uliza ni nani amefagia.

Nanyi mliowahi kuponea chupuchupu hivi, semeni hapo chini. Nitajaribu nisicheke.