Kimaiki Kwenye Khanga ya Bibi

Miaka yote nimepiga picha za kutulia. Pale studio kwangu Sombetini amri yangu ni moja: tulia, funga mdomo, usipepese. Basi binti wa jirani alipokuja kuniomba video ya send-off yake, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, niliitikia haraka haraka, kisha nikarudi ndani kujiuliza: jamani, video inaanzia wapi?

Alichotaka hasa ni kitu kimoja. Bibi yake wa Nduruma miguu haimbebi tena, ukumbini hatafika, na yeye hakuwa tayari kuolewa bila baraka za huyo bibi aliyemlea.

"Dada, nataka maneno yake. Picha zake ninazo tele."

Nikaenda mjini. Muuza duka akaniuliza, "Kamera yako inapiga fremu ngapi kwa sekunde?" Fremu? Mimi fremu naijua ya ukutani! Yeye akasema lenzi mpya, mteja mwingine akadakia eti taa kwanza, wa tatu akashikilia stendi. Kila mtu anajua, mimi peke yangu sijui! Nikapandwa na hasira, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Uwezo wangu ulikuwa wa kitu kimoja tu. Mwisho nikachukua kimaiki cha kubana kwenye nguo, kile kinachorekodi chenyewe, na hata nilipokuwa naondoka bado naitamani lenzi.

Nduruma, baada ya shikamoo na chai, nikambania bibi kimaiki kwenye khanga, nikawasha kamera. Bibi akajinyoosha, mikono magotini, akafunga mdomo, akanikodolea macho. Nikasubiri. Kuku wakapita.

"Bibi, ongea."

Akajibu bila kufungua meno, "Umeshapiga?"

"Hii si picha, bibi, ni video. Mwambie mjukuu wako neno."

"Niongee huku unapiga? Si itaharibika, mwanangu?"

Nikaeleza weee, mpaka mate yakanikauka. Nikiinua kamera anaganda, nikiishusha anapumua. Nilichanganyikiwa, nikatamani kulia kwa hasira. Yule binti nitamwambia nini?

Nikaizima kamera, nikaitia begini.

"Pole na kazi," bibi akasema, akaegemea kiti. "Sasa huyo mtoto, siku hizi anakula vizuri?"

Basi akaanza. Alivyombeba mgongoni wakati wa kumwagilia nyanya, alivyomlilia alipokwenda shule ya bweni. Kisha akambariki, nusu Kiswahili, nusu Kimeru. Mkono wangu ukaenda begini, ukarudi. Nikiitoa kamera atanyamaza. Nisipoitoa, hiyo ni video gani isiyo na picha? Kwenye khanga, kijitaa cha kimaiki kilikuwa bado kinawaka. Nikakaa, sikugusa kitu.

Nilichomtengenezea yule binti mpaka leo sijui nikiite nini. Bibi ameganda, mdomo umefungwa, na juu yake sauti yake inaongea. Alipokuja studio kuitazama, hakukawia kuuliza, "Dada, mbona bibi hasogei?"

Nikaanza kujieleza. Akaniwekea kiganja mdomoni ninyamaze, kwa sababu bibi alikuwa anamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kumwita kwalo.