Mivumu Miwili ya Bugendana

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kambini Tanzania na kurudi Burundi tukiwa na vikombe vya plastiki na Kiswahili kingi kuliko Kirundi, baiskeli haikuwa mchezo. Ilibeba maji, ndizi, mgonjwa, hata bibi harusi. Siku hizi kijana wa Gitega akitumwa sokoni anaita pikipiki, halafu jioni unamkuta anakimbia barabarani eti anapunguza tumbo. Haya, tuwaache.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa Muyinga kwa wajomba zangu, jambo lililomuuma Baba kimyakimya, maana kwetu mwanaume kuishi ukweni si heshima. Kwao ni Bugendana, upande wa Gitega, na hakuwa amefika huko tangu akimbie akiwa kijana. Kule kambini alikuwa akituhadithia lango la boma lao, lenye mivumu miwili, miti jamii ya mkuyu, aliyoipanda babu, mikubwa kiasi kwamba mbuzi wa kilima kizima walijaa kivulini. Jani lake ukilivunja, alisema, linatoa utomvu mweupe unaonata vidoleni. Sikuwahi kuiona, lakini niliijua vizuri mno.

Shida ni kwamba macho ya Baba yalikuwa yanakwisha. Mwaka ule alibakiwa na mwanga na vivuli tu. Akamwambia Mama, "Nataka nifike kwetu kabla halijawa giza kabisa." Mama alilia, kisha akatufungia mihogo na maharage kwenye jani la mgomba. Baiskeli tukaifunga juu ya lori la magunia mpaka Gitega, tukalala kwa jamaa yetu.

Asubuhi tukaondoka. Baba alikanyaga pedali, mimi nimekaa mbele yake kwenye bomba, mikono yangu juu ya mikono yake kwenye usukani, nikimsomea njia. Shimo kushoto. Ng'ombe wawili. Mteremko, Baba, shika breki. Alikuwa amenipa sharti moja tu kabla hatujatoka: "Konso, usinipambie. Uniambie kitu kilivyo."

Hatukuwa na haraka. Gishora, pale zilipotunzwa ngoma za mwami, mfalme wa zamani, alishuka, akavua kofia, akaniuliza kama nyumba ya nyasi bado ina umbo la mzinga wa nyuki. Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli. Kwenye milima tulisukuma, harufu ya mikaratusi imetujaa puani, na wanawake waliokuwa wakilima walitucheka, "Msichana kwenye baiskeli!" Wakati ule baiskeli haikuwa ya wasichana, na bibi yangu wa Muyinga alishatangaza kwamba sitaolewa. Baba akapiga kengele, akawajibu, "Huyu ndiye dereva, mimi ni injini!" Wakacheka zaidi. Njiani akanionyesha kwa kidole, bila kuona, vilima walikokaa machifu wa zamani. "Ukiona mivumu imesimama peke yake shambani," alisema, "ujue hapo paliishi watu." Nilikuwa na furaha siku ile, sijui kama nimewahi kuipata tena.

Chini ya kilima chao kulikuwa na chemchemi. Baba alitaka kwanza anawe uso na kuvaa shati safi, akanituma nitangulie nikaangalie. Nilipanda mbio. Juu nikakuta shamba la muhogo na mama mmoja analima.

"Mivumu?" akasema. "Ilikatwa zamani, mwanangu. Wakapasua mbao. Visiki tukavichoma."

Hakuwa mtu mbaya, alinipa hata ndizi mbivu. Niliteremka polepole nayo mkononi. Baba alikuwa amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, amekaa wima, anatabasamu upande ambao sikuwepo.

"Ipo?"

"Ipo, Baba."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

Nikampeleka juu. Nikamshikisha mparachichi uliokuwa pembeni ya shamba. Yule mama akaegemea jembe lake, akatutazama. Baba aliupapasa mti, akamsalimia marehemu baba yake kwa jina, akamwambia amerudi na mjukuu. Halafu akanyoosha mkono. "Nichumie jani."

Jani sikuwa nimelifikiria. Nikachuma. Akalivunja, akasugua vidole. Akalivunja tena. Vilikuwa vikavu.

"Kiangazi cha mwaka huu kikali," akasema baadaye. "Hata utomvu umekauka." Akalikunja lile jani, akalitia mfukoni mwa shati.

Kurudi nilimsomea njia yote, shimo kwa shimo, naye akawa anaitikia "sawa" tu. Wale wanawake walitutania tena, lakini kengele hakuipiga.

Aliishi miaka miwili baada ya hapo, Muyinga, ukweni. Siku moja mchana, amelala mgonjwa, aliniita nikae karibu. "Konso, uniambie kitu kilivyo. Kule juu uliona nini?" Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua anachoniomba. Nikasema, "Mivumu, Baba." Akageukia ukutani. Wiki ile ile tukamzika. Najuta mpaka leo, na sijui namna ya kuacha kujuta.

Sasa naishi Gitega, na binti yangu ana miaka kumi na miwili. Anaendesha baiskeli atakavyo na hakuna anayemcheka, na kwa hilo nashukuru. Juzi alikuwa amejilaza kwenye mkeka na simu yangu, anatazama vilima kutoka angani, anavikuza kwa vidole viwili. Enzi zetu ilibidi ukanyage siku nzima ndipo uone kwenu. Yeye alifika Bugendana kabla chai haijapoa.

"Mama," akasema, "si ulisema kwa babu kuna mivumu miwili? Mbona naona shamba tu?"

"Ilikatwa," nikamwambia.

"Ah," akasema, akasogeza kidole kwenye kilima kingine.