CD Aliyoileta Mratibu

Efrazia Margwe alijifunza kupiga taipu Mbulu mwaka 1983, akaajiriwa na chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini na malori yao, ushirika ule ukafa, naye akarudi Endasak kulima mahindi kwa miaka saba. Kwa hiyo chama kipya cha wakulima wa maharage kilipofungua ofisi Katesh na kumwita awe karani mchapaji, aliapa kimoyomoyo kwamba kazi hii haiachii.

Mwaka 2008 ofisi ilipata kompyuta ya msaada yenye Linux, mfumo unaoendeshwa kwa kuandika amri. Aliyeileta aliwafundisha siku mbili akaondoka. Wenzake waliiogopa. Efrazia alinunua kaunta buku, akawa anaandika humo kila amri aliyoijaribu na kila ujumbe wa kosa ambao mashine ilimjibu, mpaka wakaanza kumwita fundi.

Mwaka wa tatu akaja mratibu mpya, Patriki, kijana wa miaka thelathini. Hakuwahi kumpa Efrazia shikamoo. Alimwita kwa jina tupu, mbele ya wakulima waliomwita mama.

Jumatatu moja asubuhi Patriki alimwekea CD mezani. "Fungua hii. Ina waraka mmoja. Kamati inakaa saa nane, nataka nakala tano."

Efrazia akaiingiza. Trei ilitoka na kurudi vizuri, taa ikawaka, lakini kwenye skrini hakikutokea kitu. Akaandika amri ya kuorodhesha diski zote. Ikaonekana diski ngumu peke yake. Akazima, akawasha tena. Vilevile.

"Draivu ya CD haionekani," alisema.

"Haionekani, au huijui?"

Mwenyekiti wa chama, mzee Yahaya, mwenye duka mjini pale, alikuwa kwenye benchi akisubiri kikao. Alitazama viatu vyake.

"Inaweza kuwa Linux, inaweza kuwa mashine yenyewe," Efrazia alijibu. "Ngoja nijue ni ipi."

Akaiwasha tena na kuingia kwenye mipangilio ya mashine kabla Linux haijaamka. Hata huko draivu haikutajwa. Basi Linux haikuwa na kosa. Akachomoa umeme, akafungua kava kwa bisibisi. Sampuli za maharage zilikaa chumba hicho hicho, na panya walikuwa wameingia hadi ndani ya mashine. Waya wa umeme ulikuwa mzima, ndiyo maana taa iliwaka. Ule mpana wa kupitisha taarifa ulikuwa umetafunwa.

"Umri huo, na bado unachezea mavumbi," Patriki alisema, akatoka kwenda kunywa chai.

Efrazia alikwenda stoo, akafungua kompyuta iliyokufa zamani na kung'oa waya wake. Ukingo wa bati ukamkata kidole. Alipoufunga waya huo kwenye mashine yake, draivu bado haikuonekana. Akachungulia nyuma ya draivu: pini moja ilikuwa imepinda. Akainyoosha kwa sindano, taratibu, asiivunje.

Saa saba na nusu jina la draivu likatokea kwenye orodha.

"Imeonekana," alisema, akicheka peke yake. Patriki alikuwa amesharudi.

"Hongera, mama," mzee Yahaya alisema kwa sauti ndogo.

Nakala ya kwanza ilipotoka, Efrazia aliikagua pambizo, kama kawaida yake. Ilikuwa muundo mpya wa ofisi. Aya ya tatu ilisema nafasi ya karani mchapaji imefutwa kuanzia mwisho wa mwezi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeitengeneza?" Patriki alisema. "Zimebaki nne."

Efrazia akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, ulijua?"

"Tulikubaliana wiki iliyopita. Leo ni kusaini tu."

Alichapisha zile nne, akazibana pini moja moja. Baadaye mumewe, Joakimu, alipomuuliza kwa nini hakuzichana, alisema hakujua mikono yake ifanye kitu gani kingine.

Siku ya mwisho aliomba barua ya utambulisho ili atafute kazi Mbulu. Patriki akamwambia aichape mwenyewe. Aliichapa. Patriki akaisoma na kumrudishia: imejaa sifa, hawezi kuisaini. Efrazia akaipunguza sifa. Aliifuata saini mara tatu kutoka Endasak, kwa miguu, na mara ya tatu mratibu alimwambia kutoka dirishani kwamba yuko kikaoni. Ofisini humo mratibu alikuwa peke yake.

Mvua zilipoanza, Efrazia alishika jembe.